Jibu: Expat inakataa ./configure

Mkuu, kwa ulivyoeleza, umevuta Expat (maktaba ya kusoma XML) kwa git clone, ukaandika ./configure, skripti ya kuandaa ujenzi wake, ukajibiwa faili halipo. Hakuna kilichoharibika. Kwenye git faili hilo halihifadhiwi, unalitengeneza mwenyewe: ingia folda ya expat iliyo ndani ya libexpat, hakikisha una zana za autoconf, automake na libtool, kisha piga ./buildconf.sh, ndipo ./configure itapatikana. Kama bando linakubana, achana na git, pakua toleo rasmi la .tar.xz. Halifiki MB 1 na configure imo tayari.

Umeme wa huku Nyegezi ukikatika katikati ya make (amri ya kujenga, baada ya ./configure), rudia tu make, itaruka vilivyokwisha kujengwa.

Kuwa makini na --prefix, chaguo la ./configure linalosema Expat iwekwe folda gani. Usiweke /usr, utakanyaga Expat ya mfumo ambayo programu kibao zinaitegemea. Mimi naiacha /usr/local. Baada ya sudo make install, programu yako ikilalamika haioni libexpat.so.1 (faili la maktaba ya Expat), piga sudo ldconfig ili mfumo usasishe orodha ya maktaba zake. Wengi wanairuka hiyo halafu wanalaumu msimbo (code) wao. Ikigoma bado, endesha ldd, amri inayoonyesha maktaba zinazotumika, kwenye programu yako, ubandike hapa majibu tuone inachukua libexpat ipi.