Kura yako moja si bure

Ndugu yangu, umesema umechoka kupiga kura kwa sababu viongozi ni walewale na kura moja haibadilishi kitu. Uchovu wako naujua, na sitakudanganya kwamba kila uchaguzi huamuliwa kwa kura moja. Mara nyingi sivyo. Lakini hutokea.

Zanzibar, Januari 1961, chama cha ASP (Afro-Shirazi Party) kilichukua kiti cha Chake Chake kwa tofauti ya kura moja tu, na kwa kiti hicho kikafikisha viti 10 dhidi ya 9 vya chama pinzani cha ZNP (Zanzibar Nationalist Party). Kule Virginia, Marekani, mwaka 2017 wagombea wawili wa kiti kimoja cha bunge la jimbo walifungana kwa kura 11,608 kila mmoja. Majina yao yakatiwa kwenye vikopo vidogo, vikopo vikawekwa ndani ya bakuli, kimoja kikachomolewa. Aliyetajwa akapata kiti, na chama chake kikabaki na wingi bungeni, 51 kwa 49. Hebu wafikirie waliobaki nyumbani siku ile!

Usiishie kwenye urais, tafadhali. Diwani huchaguliwa na watu wachache zaidi, kwa hiyo sauti yako huko ina uzito mkubwa, na ndiye unayeweza kumfuata umwulize habari za mtaro ulioziba.

Tena wanasiasa huangalia ni kina nani hujitokeza. Vijana wakikaa pembeni, ahadi huelekezwa kwa wengine. Kama hakuna anayekuridhisha, mpe kura yule atakayekuumiza kidogo kuliko wengine. Mimi huenda kila mara, hata nikijua mgombea wangu atashindwa.