Jibu: Mpangilio wa kufungua jokofu lililokufa

Ndugu, umeuliza kama karakana yako ianze na kompresa (pampu inayosukuma gesi ya kupoza) inapofungua majokofu mabovu, kwa kuwa ndiyo yenye shaba na uzito wa kuuzika. Kwa maoni yangu hapana: zamu ya kipande haiamuliwi na bei yake, bali na kile kinachokizuia kutoka na hatari iliyomo ndani.

Kompresa haitoki bila kukata mabomba, na ukiyakata kabla ya kuvuta gesi kwa mashine na kuihifadhi kwenye mtungi, gesi yote itatoroka. Kwa hiyo soma kwanza kibandiko kinachotaja aina ya gesi. R-12, iliyodhibitiwa na Itifaki ya Montreal ya mwaka 1987 (mkataba wa kimataifa wa kulinda ozoni), huharibu tabaka la ozoni. R-134a haiharibu ozoni lakini huongeza joto la dunia. R-600a huwaka, na cheche moja ya msumeno yatosha kuleta msiba. Gesi ikishatolewa ndipo ukate, utoe kompresa na kumwaga mafuta yake chomboni.

Rafu, droo na mpira wa mlango vinaweza kutolewa wakati wowote. Povu la kuta ndilo gumu: katika majokofu mengi ya zamani lilifurishwa kwa R-11, gesi nyingine inayoharibu ozoni, na kulivunjavunja uani huiachia gesi hiyo hewani, ndiyo maana viwanda vya Ulaya hulisaga ndani ya mitambo iliyofungwa. Kama huna njia hiyo, ningeishia hapo na kuliacha kabati zima, hata kama mnunuzi wa vyuma chakavu analitaka bati lake.