Kabla hujabana kizibo: kwa wanaoanza kutia bia chupani

Wanaoanza kutengeneza bia nyumbani huniuliza zaidi kuhusu mashine ya vizibo. Hiyo haina shida, mkono utaizoea mapema. Cha kuogopa ni sukari, na haraka ya mwenye bia.

Bia unayoitia chupani bado ina hamira hai. Unaiongezea sukari kidogo, hamira inaila na kutoa gesi, kizibo kinaizuia gesi isitoke, nayo inayeyuka ndani ya bia. Mapovu ya kwenye glasi yanatoka huko. Sasa, kama bia haikumaliza kuchachuka kwenye ndoo, hamira itakula sukari uliyoipima na ile iliyobaki pia. Gesi inazidi uwezo wa kioo, chupa inapasuka. Vipande vyake hurukia mbali, kwa hiyo jambo hili usilifanyie mzaha.

Usidanganyike na ukimya wa ndoo. Mapovu yanaweza kukoma kwa sababu gesi inavujia pembeni mwa kifuniko, au hamira imelegea kwa baridi. Chukua haidromita, kile kipimo kinachoelea na kuonyesha uzito wa bia ukilinganisha na maji (maji ni 1.000, na namba hushuka kadiri sukari inavyoliwa), pima leo, pima tena baada ya siku mbili tatu. Bia nyingi za kawaida hukomea kati ya 1.008 na 1.014. Namba ikiwa ile ile na iko karibu na ulipotarajia, endelea. Iliyoanzia 1.050 ikaganda kwenye 1.020, usiitie chupani hata kama namba haijasogea. Iweke mahali penye joto kidogo, itikise taratibu ili hamira iliyotuama iamke, kisha ngoja.

Sukari nyeupe ya kawaida inatosha. Kwa bia nyingi, gramu 6 kwa kila lita ni kiasi kizuri. Tumia mzani, vijiko havina uaminifu. Na upige hesabu kwa bia uliyonayo: ndoo ilikuwa na lita 20, lakini ukiacha 2 chini pamoja na mashapo, unatia chupani lita 18, yaani gramu 108 badala ya 120. Ichemshe sukari kwenye maji kidogo kwa dakika chache, ipoe, uimimine kwenye ndoo ya pili iliyo safi, halafu ndiyo uivute bia kwa mpira juu yake. Ncha ya mpira ilale chini kabisa, bia izunguke na kujichanganya bila kurukaruka. Hewa ikichanganyika na bia wakati huu, baada ya wiki kadhaa utakunywa kitu chenye ladha ya boksi lililolowa. Malizia kwa kukoroga polepole na kijiko kilichotakaswa.

Wapo wanaotia sukari chupa moja moja. Mimi siipendi njia hiyo. Lita 20 ni chupa 40 za nusu lita, na kupima mara 40 ni kukosea mara kadhaa: hii imepooza, ile inaruka hadi darini.

Chupa ziwe za kahawia na nene. Mwanga wa jua ukigusana na hopsi, yale maua yanayoipa bia uchungu, huleta harufu mbaya, na kioo cheupe au cha kijani hakikingi vya kutosha. Chupa za vizibo vya kuzungusha ziache, maana midomo yake haishiki vizuri vizibo vya kubana. Halafu elewa kwamba kuosha ni kazi moja na kuua vijidudu ni nyingine. Dawa haipenyi kwenye uchafu uliokauka, kwa hiyo inua kila chupa uangalie kitako chake kwenye mwanga. Ukitumia dawa ya klorini, suuza sana.

Wakati wa kujaza, kijiti chenye vali nchani kitakuokolea muda mwingi. Kisimamishe hadi chini, jaza mpaka mdomoni, kitoe. Bia itashuka yenyewe na kuacha nafasi ya sentimita 2 hadi 3.

Kizibo hiki cha meno alikisajili William Painter huko Marekani mwaka 1892. Awali kilikuwa na meno 24, siku hizi 21. Meno kazi yake ni kushika tu. Kinachozuia gesi ni utando laini wa ndani, ndiyo maana sishauri kuvichemsha vizibo; vichovye kwenye dawa. Vingi vina upana wa milimita 26, ila baadhi ya chupa za Ulaya hutaka 29, hivyo jaribu kimoja kabla ya kujaza chochote.

Mashine ya mikono miwili hukamata chini ya ukingo wa shingo. Teremsha mikono yote miwili kwa pamoja, polepole, hadi igome. Ukikandamiza upande mmoja, shingo hukatika. Ya kusimama mezani ni tulivu zaidi, ila hurekebishwa kwa urefu wa chupa, kwa hiyo zipange kwa urefu kabla hujaanza. Ukimaliza, shika kizibo kwa vidole ukizungushe. Kikizunguka, kitoe ufunge kipya. Mdomo ukimeguka hata kipande kidogo, bia hiyo imwage. Usijaribu kuchuja kioo.

Zihifadhi kwenye giza, nyuzi 20 hivi, wiki mbili; bia kali husubiri zaidi. Jaza na chupa moja ya plastiki ya soda, uwe unaiminya: ikikakamaa, gesi ipo. Hapo weka moja ya kioo kwenye friji kwa siku moja au mbili, kwani ubaridi huifanya gesi itulie ndani ya bia.

Ukifungua ikafoka, angalia nyingine kabla ya kulaumu. Ikiwa ni moja tu, hiyo chupa ilikuwa chafu. Zikifoka zote, ni sukari iliyozidi, bia ambayo haikuwa imeisha, au vijidudu vilivyoingia tangu kwenye ndoo. Vaa glovu nene na miwani ya kazi, zipoze zote, legeza vizibo kidogo kidogo gesi ipungue, kisha funga upya kwa vizibo vipya.