Gari Likilia Ukikata Usukani, Tumia Vidole Kabla ya Spana

Mlio wa kukwaruza upande wa mbele wa gari ni mwongo. Chuma husafirisha sauti, na ukiwa umekaa kwenye kiti unaweza kuapa kwamba kinacholia kipo tairi la kushoto, kumbe kipo kulia, au hakipo kwenye tairi kabisa. Ndiyo maana utakuta mtu ameshabadilisha shokapu zote mbili, bushi (mipira ya kwenye maungio ya vyuma) na tairodi (vyuma vinavyosukuma tairi ukikata usukani), na gari bado linalia vilevile. Ninavyofanya mimi ni hivi: sinunui kifaa chochote mpaka niwe nimekigusa chenyewe kikiwa kinalia.

Kwanza ujue unatafuta nini. Mlio ninaouzungumzia hapa ni ule wa "kriii" au "nyeek", kama bawaba ya mlango iliyokauka mafuta. Ukisikia "tak-tak-tak" unapokata kona kali huku ukikanyaga mafuta, hiyo ni habari ya draifu shafti, mhimili unaozungusha tairi. Mngurumo unaopanda kadiri mwendo unavyoongezeka, mara nyingi ni beringi ya tairi. Na ule mlio mwembamba wa pampu ya pawa stelingi ukifikisha usukani mwisho kabisa, ni pampu inalemewa. Rudisha usukani kidogo utanyamaza. Usiushikilie pale mwisho, unaipasha pampu moto bure.

Baada ya hapo, jiulize gari linalia lini. Kama linalia ukikata usukani gari likiwa limesimama, tatizo lipo kwenye kitu kinachozunguka pamoja na usukani. Kama linalia ukipita kwenye matuta bila kukata usukani, tazama vitu vinavyopanda na kushuka. Likilia kote kuwili, boljointi (kiungo chenye kichwa cha mviringo kinachoshika tairi) inapanda juu ya orodha yangu, kwa sababu yenyewe hufanya kazi zote mbili. Angalia pia hali ya hewa. Mlio unaopotea siku ya mvua na kurudi jua likiwaka, karibu kila mara ni mpira unaosugua chuma.

Tuanze na ule wa gari lililosimama, maana ndio rahisi kuukamata. Mwombe mtu akae kwenye usukani, injini ikiwa inawaka, breki ya mkono imevutwa, gia ikiwa huru. Yeye akate usukani taratibu, kushoto na kulia, wewe usikilize ukiwa nje. Kabla hujaenda mbali, hakikisha si tairi lenyewe linalosugua sakafu. Sakafu laini ya saruji au yenye rangi hufanya tairi lipige kelele kama kuna kitu kimevunjika. Sogeza gari kwenye changarawe au vumbi, urudie. Likinyamaza, kazi imekwisha.

Likiendelea, sasa ndipo vidole vinapoingia. Kwenye magari mengi madogo, springi na shokapu ya mbele huzunguka pamoja na tairi, na juu kabisa, kwenye mauntini (kishikizo cha shokapu kwenye bodi), kuna beringi inayoruhusu mzunguko huo. Beringi hiyo ikiingia maji na kutu, hukwama. Weka ncha za vidole kwa nje ya springi, usiviingize katikati ya mizunguko yake, wakati mwenzako anakata usukani. Springi nzima huenda taratibu bila kushtuka. Mbovu utaihisi inajikunja kwanza, inakataa, halafu inaachia ghafla na kutoa "dung!" mkononi mwako. Dalili nyingine ya beringi hiyo ni usukani kuwa mvivu kujirudisha wenyewe baada ya kona.

Shemeji yangu aliwahi kuniletea gari lililotoka kufungwa shokapu mpya. Mlio haukuwa umepungua hata chembe, na fundi alishaanza kumwambia habari za kubadilisha reki ya usukani, yaani chuma chenye meno kinachosukuma tairodi. Nilipoweka vidole kwenye springi, jibu likaja papo hapo: shokapu zilikuwa mpya, lakini zilifungwa na mauntini na beringi zake za zamani. Kwa hiyo ukifungua shokapu, tazama beringi ya juu wakati ipo wazi mbele yako. Izungushe kwa mkono; ikiwa nzito au inakwaruza, usiirudishe, maana kazi ya kuifikia baadaye ni ileile ya kufungua kila kitu upya.

Springi ikiwa shwari, sogea. Gusa boljointi ya chini, kisha kichwa cha tairodi, kimoja baada ya kingine, huku mwenzako akiendelea kukata usukani kidogo kidogo. Kifaa kinacholia hutetemeka chini ya kidole kwa namna ambayo jirani yake hatetemeki. Ukishindwa kufikia kwa mkono, chukua kipande cha mpira wa maji, ncha moja sikioni, nyingine karibu na kifaa. Watu watakucheka, lakini mpira huo hubagua sauti vizuri kuliko sikio tupu. Jihadhari na feni ya rejeta: ya umeme inaweza kuwaka yenyewe wakati wowote.

Wengi husahau kuangalia ndani. Nguzo ya usukani hupita kwenye ukuta unaotenganisha injini na miguu ya dereva, na pale pana mpira wa kuzuia vumbi. Mpira huo ukikauka, hulia kila unapokata usukani, na sauti huja moja kwa moja kwenye magoti yako. Kama mlio unausikia zaidi ukiwa ndani kuliko nje, anzia hapo. Dawa yake ni grisi kidogo ya silikoni. Usipake grisi ya kawaida wala mafuta ya injini kwenye mpira wowote, kwani huulainisha na kuuvimbisha, na baada ya muda unaharibika zaidi ya ulivyokuwa.

Sasa matuta. Zima injini, bonyeza kona ya mbele ya gari kwa uzito wako, achia, bonyeza tena mpaka gari lipate mdundo. Mlio ukitokea, chukua chupa ya maji ya kupulizia na uloweshe bushi moja tu, kisha bonyeza tena. Bushi za stabilaiza (fito inayozuia gari kulala sana kwenye kona) ziwe za kwanza, halafu za kontroli amu (mkono wa chuma unaounganisha tairi na bodi). Ile ambayo gari linanyamaza baada ya kuilowesha ndiyo yenyewe. Ukizilowesha zote kwa mpigo, hujajifunza chochote.

Na hapa kuna jambo ambalo mafundi wenye haraka hulipita. Bushi nyingi za kontroli amu zimegandishwa kwenye chuma ndani na nje. Mpira wenyewe ndio unaojisokota amu inapopanda na kushuka. Bolti yake ikikazwa gari likiwa juu ya jeki na tairi linaning'inia, mpira unafungwa katika hali hiyo. Ukishusha gari, tayari umesokotwa kabla hujasafiri hata mtaa mmoja. Utalia, na utachanika mapema. Bolti hizo hukazwa mwisho gari likiwa limebeba uzito wake kwenye matairi. Kama umetoka kubadilishiwa bushi na mlio umezaliwa siku hiyohiyo, uliza zilikazwa vipi. Mara nyingine kuzilegeza na kuzikaza upya gari likiwa chini kunatosha.

Milio mingi kati ya hii ni kero tu, unaweza kuivumilia ukijipanga. Boljointi si ya kuvumilia. Tazama mfuniko wake wa mpira: ukichanika, grisi hutoka, maji na mchanga huingia, na kile kichwa cha mviringo huanza kulika. Inyanyue kona hiyo kwa jeki, weka gari juu ya stendi imara, maana jeki peke yake si ya kuaminiwa na mtu aliye chini, kisha shika tairi juu na chini ulitikise. Ukiona mchezo, yaani kulegea, kwenye boljointi, gari lisitembee. Ikichomoka, tairi hulala upande na usukani haukusikii tena. Kuipiga sindano ya grisi huondoa mlio kwa muda, na mimi huitumia kuthibitisha tu kuwa nimempata mhusika. Chuma kilicholika hakirudi.

Ukibadilisha kichwa cha tairodi au kontroli amu, peleka gari likapigwe alaimenti, yaani matairi yanyooshwe, kabla ya safari ndefu. Shokapu za mbele zikifunguliwa, vivyo hivyo kwa magari mengi. Matairi yakianza kulika upande mmoja, hutasikia mlio wowote wa kukuonya.