Jimmy asipewe gari

Mmeuliza wiki hii: mchezo gani wa video unastahili kutolewa sehemu ya pili? Jibu langu lilikuwa tayari kabla sijamaliza kusoma swali. Bully. Na niliposhika simu kuandika nilikuwa na hasira kabisa, kama mtu anayedai deni.

Niwe mkweli, kwa haki ya swali lenu Black ndiyo ingeshinda. Ile gemu ya bunduki ya mwaka 2006: unahangaika mpaka mwisho, unaambiwa uliyekuwa ukimsaka hajafa, halafu basi, mpaka leo kimya. Lakini Black haikunipigisha kofi.

Kwa asiyemjua, Jimmy Hopkins wa Bully ni mtoto wa miaka 15. Mama yake kaolewa tena, yeye na mume mpya wanakwenda fungate ya mwaka mzima, njiani wanambwaga shule ya bweni inayoitwa Bullworth. Ataingia darasani, atapigana, atatoroka mjini, na ikifika saa nane usiku hajalala anaanguka palepale alipo. Ilitoka kwenye PlayStation 2, mwaka huohuo wa 2006. Ulaya waliiuza kwa jina la Canis Canem Edit. Wenyewe ni Rockstar, walewale wa San Andreas. Ila San Andreas tulikuwa tukiiba magari, na sisi watoto wa Ngamiani, kwenye barabara za namba, gari la nani tulilijua kwa ndani? Jimmy anaendesha baiskeli. Kuna kipikipiki na vigari vya mashindano, sawa, lakini maisha yake ni baiskeli. Mtu wa Tanga haelezwi zaidi ya hapo.

Kibanda chetu cha gemu kilikuwa na televisheni tatu na feni moja, na feni ilimtazama mwenye kibanda. Pesa ilikuwa kwenye mpira. Winning Eleven inalipiwa kwa mechi, aliyefungwa anaachia pedi, mwingine anaketi na mia mbili yake mkononi. Gemu ya mtu mmoja hailipi, unakaa saa nzima unazurura peke yako. Kwa hiyo nilipewa sharti: nije mapema, nifagie, nichote maji ndoo mbili, nicheze mpaka wateja wa mpira waanze kuingia.

Asubuhi moja ya likizo Baba akanifuata. Baba ni fundi baiskeli, mwembe wake anao mpaka leo, na saa ile nilitakiwa niwe chini ya mwembe huo na karai la maji, nazamisha tyubu kutafuta pancha. Nikasikia ndala zake mlangoni. Sikugeuka, maana nilikuwa kwenye darasa la ufundi, na humo muda unahesabiwa. Jimmy yuko karakana, mbele yake fremu, wewe unabonyeza vitufe vinavyojitokeza na kuzungusha kijiti cha pedi kama unayekaza nati. Ukifaulu, unapata baiskeli mpya.

Nilingoja kofi. Halikuja.

"Yule afanya nini?"

"Aunda baiskeli, Baba."

Kimya. Kisha benchi likalia, amekaa.

"Mbona hajanyoosha rimu? Mwambie alizungushe gurudumu kwanza."

"Hasikii, Baba, ni gemu."

"Basi mzungushie wewe."

Nikafeli. Nani angefaulu? Akasema, "Rudia." Nikarudia, nikafeli tena, akauliza breki zitafungwa lini. Mara ya tatu nilimtupia jicho la pembeni. Kucha zake zilikuwa nyeusi kwa grisi, na mkono wa kulia ulikuwa juu ya goti unazunguka polepole, nusu duara, unarudi, nusu duara, kama umeshika spana. Nikafaulu. Jimmy akapewa baiskeli yake, Baba akaguna: "Nzima kwa dakika moja! Huyo angekuwa mwanangu ningekuwa tajiri." Tukatoka. Nilidhani yamekwisha kwa amani. Nje ya mlango nikala la kisogo, moja tu, la kazi niliyoikimbia.

Nimeliandika hilo kwa urefu na bado sijajibu swali.

Gemu sikuimaliza. Memori kadi ilikuwa moja kwa kibanda kizima, megabaiti nane, na kuna mtu alihitaji nafasi ya ligi yake akafuta ya kwangu. Mpaka leo simjui, na nadhani ndiyo maana nilianza barua hii kwa hasira. Kumbe sikuwa nadai sehemu ya pili. Nilikuwa nadai ya kwanza.

Nayo nilikwisha kuipata. Desemba 2016 Bully iliingia kwenye simu, nami baadaye nikaicheza mpaka mwisho. Jimmy na Gary, adui yake mkubwa, wanapigana juu ya paa, wanaangukia ofisini kwa mkuu wa shule, Gary anafukuzwa. Baada ya hapo inaanza sura ya likizo isiyoisha: hakuna anayekutuma, unapanda baiskeli unazunguka mji mpaka uchoke wewe. Sasa hapo mtu aongeze nini?

Na nani aongeze? Studio ya Vancouver iliyomtengeneza Jimmy ilifungwa mwaka 2012, kazi zikahamishiwa upande wa Toronto. Tangu 2013 kampuni yenyewe imeuza nakala zaidi ya milioni 200 za GTA V, ndugu ya San Andreas. Watu waliozoea mauzo ya namna hiyo wakimrudia mtoto wa baiskeli watampa gari, tena na duka la kununulia viatu kwa pesa halisi.

Kwa hiyo andikeni hapana. Au andikeni ndiyo, kwa masharti: asipewe gari, na darasa la ufundi liwe refu, rimu inyooshwe, spoku zikazwe moja moja. Najua hakuna atakayelinunua. Labda wawili.

Jumapili nilimwonyesha Baba lile darasa kwenye simu. Siku hizi nusu ya wateja wake ni bodaboda, macho nayo yamepungua; akaipeleka simu mbali, urefu wa mkono mzima, akatazama mpaka baiskeli ikakamilika.

"Bado hajanyoosha," akasema, akanirudishia.