Tamthilia za mizimu, kukabwa usiku, na mtoto anayeogopa kwenda chooni

Dada yangu, Bwana Yesu asifiwe.

Umesema umeokoka, unapenda tamthilia za mizimu na uchawi, na unaziangalia kwenye simu usiku watu wakishalala. Sasa mumeo anasema umeingiza mapepo ndani ya nyumba, mtoto wa miaka saba hataki kwenda chooni peke yake, na wewe mwenyewe unakabwa usiku, unataka kupiga kelele sauti haitoki. Unauliza kama ni dhambi, kama uache vyote au uchague, na kama zile DVD uzichome. Wengi wamekujibu kwa mstari mmoja na wengine wamekutisha zaidi. Mimi nitakujibu kwa kirefu, maana jambo hili nimeishi nalo: nimekulia ukuta kwa ukuta na kibanda umiza, banda la kuoneshea filamu, hapa Mwanza, na sasa ni mwalimu wa Shule ya Jumapili.

Nianze na kukabwa, kwa kuwa ndiko kunakokunyima raha. Wengi wanaita jinamizi, na madaktari wanaijua hali hiyo. Ukiwa ndotoni, ubongo huwa umeituliza misuli ili usirushe mikono na miguu kufuata unachoota. Ukizinduka kabla misuli haijaachiwa, unajikuta macho yako wazi, kifua kizito, huwezi hata kujigeuza, na picha za ndoto bado zinaendelea chumbani. Kukosa usingizi, kulala saa zisizoeleweka na kulala chali vinaichochea hali hiyo. Anayekesha na simu hadi saa nane za usiku anaikaribisha hata kama alikuwa anaangalia mpira. Ila yale unayoyaona chumbani wakati huo yanaweza kuchotwa kutoka kwenye yale uliyolala nayo kichwani, na wewe umelala na maiti inayotembea. Kwa hiyo usikubali kuambiwa una pepo kwa sababu ya kukabwa peke yake. Omba, na ulale mapema. Hayo mawili hayagombani. Zaburi 4:8 inasema, "Katika amani nitajilaza na kupata usingizi mara." Usiku ukizidi kuwa mgumu hata baada ya kuacha, nenda hospitali ukaseme, si aibu.

Sasa kibanda umiza. Kwa ambaye hajakaa uswahilini, ni banda la mabati lenye mabenchi, televisheni na spika kubwa; unalipa pesa kidogo unaingia. Mama alitukataza kuingia, tukatii. Lakini kitanda chetu kilikuwa upande wa pili wa bati. Sikuona filamu hata moja, na nilizisikia zote: mwanamke analia, kimya, halafu ule mlio mwembamba unaopanda taratibu, unapanda, kisha kishindo na watu ndani wanapiga mayowe. Juu ya hayo sauti ya mtafsiri, nzito, ikieleza kwa Kiswahili nani anatolewa nini mwilini, na kuongeza chumvi yake. Hadi leo ule mlio unaopanda ukinifikia hata kwenye daladala, mwili unanisisimka kabla sijajua ni nini.

Ndiyo maana nilipokuja kusoma habari za Alypius nilimwelewa mara moja. Huyu alikuwa kijana wa Thagaste, mji wa Afrika Kaskazini ambao leo uko Algeria, rafiki wa Augustino ambaye baadaye alikuwa askofu wa Hippo. Alipokuwa Roma akisomea sheria, karne ya 4, alichukia kabisa ile michezo ya watu kuuana uwanjani. Rafiki zake wakamvuta kwa nguvu wakaenda naye. Akawaambia, mwili wangu mtaupeleka, lakini macho na moyo wangu hamvipati. Akakaa pale amefumba macho. Mtu mmoja akaanguka, uwanja mzima ukapiga kelele, naye akafumbua aone kuna nini. Augustino anasema hakutazama tu, aliinywa damu ile kwa macho, akawa mmoja wa wanaoshangilia, akaondoka akiwa na hamu ya kurudi na kuwaleta wengine. Na anasikitika kwamba rafiki yake alifumba macho akasahau kuziba masikio. Alypius alitoka huko baadaye, akabatizwa pamoja na Augustino, akawa askofu wa mji wao. Lakini mlango alioingiliwa ulikuwa sikio, na alikuwa mtu mzima mwenye msimamo.

Nimeieleza hiyo kwa sababu ya mtoto wako. Unasema yeye haangalii, unaangalia akishalala. Dada, nyumba zetu nyingi kuta hazifiki darini. Nimekutana na watoto darasani wanaoweza kukusimulia tamthilia nzima ya mama yao kwa sauti tu, na picha wamejitengenezea wenyewe, mbaya kuliko za kwenye skrini. Ukitaka kujua kama anasikia, muulize mchana, kwa upole, ni kitu gani kiko chooni. Atakueleza.

Lakini hofu ya chooni sio inayonihofisha zaidi. Hofu hiyo mtoto akikua inamwisha. Kinachonihofisha ni pale hadithi inapomfundisha mtu nani wa kumwogopa. Desemba moja tulikuwa kwenye mazoezi ya igizo la Krismasi, watoto wanashangilia safari za kijijini, binti mmoja amekaa pembeni. Nikamuuliza, mbona wewe umenyamaza, huendi kwa bibi? Akawa anavuta pindo la gauni lake, kisha akaninong'oneza: "Mwalimu, bibi ana macho mekundu." Nikasema, kwani macho mekundu yana nini? "Ndio wanaokula watu. Nimeona." Alikuwa ameona kwenye video sebuleni kwao, Jumamosi usiku, mama na shangazi wakiangalia.

Anayeishi Kanda ya Ziwa anajua kwa nini nilishtuka. Huku kwetu vikongwe wamekatwa mapanga kwa kushukiwa uchawi, na macho mekundu yalihesabiwa kuwa ushahidi, macho ambayo moshi wa kuni na wa mavi ya ng'ombe umeyachoma tangu wakiwa wasichana. Huku kwetu watu wenye ualbino wamewindwa kwa ajili ya viungo vyao, kwa imani kwamba vinaleta utajiri, mpaka Januari 2015 serikali ikatangaza kuwapiga marufuku waganga wapiga ramli. Sisemi filamu ndiyo iliyoshika panga. Imani hizo ni za zamani kuliko umeme. Nasema binti wa miaka tisa alikuwa ameshajua nani ni mchawi katika ukoo wake, na hakufundishwa na mganga. Nilimuuliza bibi anapikia nini, akasema kuni. Nikamwambia aende akakae naye jikoni wakipika ugali. Januari alirudi akaniambia hata yeye macho yalimuwasha, yakawa mekundu.

Kwa hiyo unapojipima, usiishie kuuliza kama ndani ya tamthilia kuna mchawi au hakuna. Jiulize ukizima simu unamwogopa nani, unamshuku nani, na unatamani nini. Mama mkwe akikuletea mboga unaipika kwa amani? Biashara ya jirani ikinyooka, wazo la kwanza ni kwamba ana bidii au kwamba ametoa kafara? Paulo alimwandikia Timotheo kwamba Mungu hakutupa roho ya woga, bali ya nguvu na ya upendo na ya moyo wa kiasi. Hadithi inayokuacha na woga badala ya nguvu, na shuku badala ya upendo, imekwisha kukufanyia kazi yake, hata kama haina pepo hata mmoja.

Hapo kuna utetezi mmoja nausikia sana kwa wapendwa: filamu za Kinigeria zina mafundisho, mwisho mchungaji anakuja, mganga anaanguka, jina la Yesu linashinda. Ni kweli, na ndivyo zilivyoanza. Ile Living in Bondage ya 1992, iliyouzwa kwenye kanda za VHS na kufungua njia kwa tasnia yao nzima, ni habari ya mtu anayemtoa mke wake kafara apate mali. Lakini hesabu muda. Saa nzima na zaidi tunaoneshwa kilinge, damu, pesa zinazomwagika, nyumba na magari, halafu Yesu anapewa dakika za mwishoni. Mtoto anakumbuka nini? Wanangu wa darasani wanaigiza mganga vizuri mno, na manuizi wameyakariri. Mchungaji wanamwigiza kwa kupiga kelele tu.

Nalisema na hili, najua litawaudhi baadhi ya ndugu: zile shuhuda za "nilikuwa kuzimu miaka mingi, nilikuwa mke wa jini" nazo ni burudani ya giza, hata zikiwa na Biblia mezani. Tangu vijitabu vya Nigeria vya miaka ya 1980 hadi video za leo za saa tatu, utamu wake uko kwenye kuzimu: vyeo, majumba chini ya bahari, majina ya mapepo. Nimeona waumini wanaotoka kwenye video hizo wakiogopa wigi, mafuta ya kujipaka na namba ya gari, na wakijua safu za utawala wa shetani kuliko wanavyoijua Injili ya Marko. Mumeo, kama anaangalia hizo huku anakukataza zako, mwombe kwa heshima mzipime zote kwa kipimo kimoja.

Linganisha na Biblia inavyosimulia giza, maana giza limo humo tele. Soma 1 Samweli 28, Sauli kwa yule mwanamke wa Endori. Anakwenda usiku, amejibadili mavazi, ana njaa na hofu. Umewahi kuona kwamba kile mwanamke alichofanya hakikuandikwa? Hakuna chungu, hakuna maneno ya kunuia, hakuna namna. Sauli anasema amtakaye, na mstari unaofuata mwanamke anapiga kelele. Mwandishi anatukalisha badala yake na mfalme aliyeanguka chini kifudifudi, na mwanamke anayechinja ndama na kukanda unga ili mtu huyu ale. Unatoka hapo unamwonea huruma Sauli na hutamani kufika alikofika. Kwa hiyo sikubaliani na wanaosema Mkristo asisome wala asiangalie hadithi yoyote yenye uovu. Kuna hadithi za huzuni na za kutisha zilizonifanya nipige magoti.

Je, ni dhambi? Siwezi kukutungia orodha. Paulo hakuwatungia Wakorintho orodha ya nyama walipouliza juu ya nyama zilizotolewa kwa sanamu. Aliwauliza juu ya dhamiri zao na juu ya ndugu aliye dhaifu. Kwako wewe dhamiri imeshasema, ndiyo maana umeandika, na aliye dhaifu ni huyo wa miaka saba. Ningekuwa wewe ningeacha tamthilia hizo zote kwa sasa, nisianze na kuchagua. Anayetaka kuchagua wakati bado ana hamu huchagua vibaya.

Na hutaweza kuacha kwa kukaza meno tu, kwa sababu simu yako imeshakuzoea. YouTube na TikTok mara nyingi haziulizi kama ulifurahi au ulichukizwa. Zinapima sana ulikaa kwa muda gani. Ukibaki dakika mbili unasikitika, umebaki dakika mbili, na kesho utaletewa nyingine. Ingia kwenye mipangilio ufute historia ya ulivyotazama, uzime ile inayocheza video inayofuata yenyewe, na zile zinazoendelea kuja uzibonyeze kwamba huzitaki. Kisimbuzi nacho kina namba ya siri ya kufungia chaneli. Mwachie mumeo aiweke. Simu ilale sebuleni ikichajiwa, nunua saa ya mezani ya kukuamsha.

Ile saa ya usiku itakuwa tupu, na ndiyo saa ngumu. Yesu alisema habari za nyumba iliyofagiwa na kupambwa ikabaki tupu, pepo aliyetoka akairudia na wenzake saba, kwenye Mathayo 12. Wafilipi 4:8 haikuambii tu usitafakari mabaya; inakupa cha kutafakari, yaliyo ya kweli, ya staha, ya haki, safi, yenye kupendeza. Kwetu tulianza na hadithi. Mama yangu anajua za sungura na fisi zisizoisha, kwa Kisukuma, na watoto wanazigombania. Zina hatari na zina ulaghai, na mtoto analala. Baada ya hapo wimbo mmoja wa tenzi, taa inazimwa. Wewe utajua chenu. Na mtoto msindikize chooni bila kumcheka wala kumkemea pepo wa hofu mbele yake, maana akisikia unamkemea mtu asiyemwona atathibitisha kwamba kweli kuna mtu. Washa taa, imbeni, mrudi.

Kuhusu DVD. Matendo 19 inasema wale wa Efeso waliotumia mambo ya uganga waliteketeza vitabu vyao mbele ya watu wote, thamani yake ikahesabiwa kuwa yapata fedha hamsini elfu. Vile vilikuwa zana za kazi. Zako ni filamu za mtaani, kwa hiyo moto si sharti, na plastiki ukiichoma unavuta moshi mbaya. Zivunje, zitupe. Ila angalia neno moja pale: walifanya hesabu ya thamani, wakaijua, na hawakuuza. Kwa hiyo usimpe dada wa kazi, wala usimrudishie yule wa dukani azikodishe kwa mtoto wa mwingine.