Mtoto wa miaka sita anaelewa, dada

Dada, umeuliza kama mwanao wa miaka sita ataathirika mkiachana, au bado ni mdogo hataelewa. Anaelewa, ila kwa namna yake: wengi wa umri huo hudhani kosa ni lao. Mimi nilikuwa na miaka saba wazee walipotengana. Nikarudia kukojoa kitandani, na kila Ijumaa jioni nilikaa barazani na mfuko wa rambo wenye nguo zangu, namsubiri baba. Mara nyingi hakutokea. Ila kilichoniumiza kuliko talaka yenyewe ni kutumwa: "Kamwambie baba yako ada haijalipwa." Tafadhali msimfanye tarishi. Mwambieni wote wawili, mkiwa pamoja, kwamba si yeye aliyesababisha. Mwalimu wake naye ajue.

Kisheria, kwa hapa Tanzania, mtoto wa chini ya miaka 7 huchukuliwa kuwa ni heri akae na mama, ingawa mahakama inaweza kuamua vingine. Sheria ya Mtoto ya 2009 inampa pia haki ya kumtembelea mzazi wa pili, na matunzo na elimu ya kiwango kilekile alichokuwa nacho kabla hamjaachana.

Na wale mashangazi wanaomsema mama mbele ya mtoto, wakatazeni mapema.